Kibati Namba Arobaini na Sita

Kama una mtu wako anayeshuka shimoni, awe mume, mtoto, shemeji, yeyote yule, usimtundikie kibati. Hata akikubembeleza. Hata mvua ikiwa inanyesha na basi linapiga honi. Mwache atundike mwenyewe kwa mkono wake, na kama hajatoka, msumari wake ubaki mtupu watu wote wauone. Nasema hivi kwa sababu mimi nilitundika, miezi saba, kila siku ya kazi, na nilitundika kwa mapenzi.

Nianze na kibati chenyewe, maana wako wanaowasha taa kwa umeme wa makaa ya mawe na hawajawahi kufika mgodini. Kibati ni kipande cha bati, duara, kama kifuniko cha kopo dogo, kina tundu juu na namba katikati. Asubuhi mfanyakazi anakitoa kwenye ubao pale dirishani, anapewa taa ya kichwani yenye namba ileile, anashuka. Zamu ikiisha anarudisha taa na kutundika kibati kwenye msumari wake. Ubao ukijaa, maana yake hakuna mtu chini. Na ubao ukijaa ndipo basi la wafanyakazi linaruhusiwa kuondoka kuteremka kota tunakoishi.

Mimi nilikuwa wa dirishani. Nilipokea taa, nikazifuta vumbi, nikazichomeka kwenye chaji, kila moja kwenye kitundu chake. Baba ya mtoto wangu alichimba miaka kumi na tisa mpaka kifua kikamshinda, tukamzika. Nilipofikiri shimo limeshachukua lake kwangu, binti yangu akaja na karatasi kwamba amepata kazi ya pampu.

Huyu binti tunamwita Chiriku, tangu mdogo, kwa sababu ya mdomo. Akinyamaza ujue anaumwa. Nikamwambia, "Mwanangu, kazi zote duniani, ukaona hiyo?" Akasema, "Mama, mimi sichimbi. Nakaa na pampu. Ni kama kulea mtoto anayekojoa ovyo." Nilicheka siku ile. Nilipoingia ndani peke yangu nikakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, sijui kwa muda gani.

Pampu iko sehemu ya zamani, chini kabisa, ambako makaa yalikwisha siku nyingi lakini maji hayaishi. Wachimbaji wakimaliza zamu wanapanda. Yeye lazima abaki kwanza, avute maji yaliyojikusanya, asafishe chujio, ndipo apande ngazi zile zote peke yake. Kwa hiyo kila siku basi zima lilikuwa linamsubiri mtu mmoja. Watu wamechoka, wana njaa, vumbi limewakaukia mpaka masikioni.

"Malkia wa maji bado anaoga?" mmoja anauliza kwa sauti.

"Mwambieni huko chini hakuna kioo," mwingine anaitikia, na basi zima linacheka.

Mimi nipo dirishani nasikia yote. Chiriku naye akawa anasikia akipanda basini. Wiki ya pili akaja dirishani asubuhi, akainama kama anachukua taa, akanong'ona, "Mama, nitundikie bwana. Zamu ikitoka nitundikie tu, basi liende. Mimi nitatembea na wewe."

"Na taa yako?"

"Taa nitakuja nayo. Nani anahesabu taa?"

Kweli, hakuna aliyehesabu taa. Mtu wa kuhesabu taa nilikuwa mimi.

Nikamtundikia. Yeye asubuhi ananiachia kibati dirishani, badala ya kushuka nacho mfukoni, mimi nakiweka chini ya kitambaa cha kufutia taa. Saa nane, wachimbaji wakishatoka wote, nakitoa, nakipachika kwenye msumari namba arobaini na sita, basi linaondoka. Nakaa nimsubiri. Akitoka tunateremka kwa miguu, nusu saa, na yeye anazungumza mwendo mzima. Wala sitasema uongo hapa, nilifanya kwa ajili ya nafsi yangu pia. Nilikuwa na mtoto wangu nusu saa nzima, mzima, ananuka grisi, anasimulia. Mama gani angekataa?

Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupumzika. Dirishani anakaa Baba Pacha, kijana mzuri, mpole. Nilimpa maagizo mapema. "Usisahau arobaini na sita."

"Mama Chiriku," akaniambia, "nitasahau kwanza pacha mmoja."

Ndiyo hivyo. Kosa langu nikalifundisha kwa mwingine, akalishika vizuri kuliko mimi.

Kuna kitu kingine lazima nikitaje, feni. Juu ya mgodi kuna feni kubwa kama chumba, inavuta hewa chafu kutoka chini, haizimwi. Mvumo wake unafika kota. Unaingia majumbani, vijiko kabatini vinatetemeka kidogo, mgeni akija analalamika kichwa kinamuuma. Sisi wenyeji hatuusikii. Ni kama mtu asivyosikia mapigo ya moyo wake.

Sasa Jumamosi hiyo ninayoisema, Fundi Redio alikuwa anaonyesha picha ya sinema kwenye ukumbi wa kota. Fundi Redio ni jirani yangu, anatengeneza redio, pasi, chochote chenye waya, na ana ugonjwa wa kukusanya picha za zamani ambazo watu walizitupa. Alitundika shuka ukutani, akafunga madirisha kwa maturubai, akapanga mabenchi. Picha ya wachimbaji wa makaa wa zama za babu zetu, nyeusi na nyeupe, haina rangi hata moja.

Nilikwenda kwa ajili yake tu, asije akayaonyesha mabenchi matupu. Tulikuwa kama ishirini mwanzoni. Baada ya robo saa wakaanza kutoka.

"Fundi, ngumi zinaanza saa ngapi?"

"Hakuna ngumi."

"Wimbo je?"

"Hakuna wimbo."

"Basi hii si picha, hii ni zamu. Mimi zamu nimetoka nayo jana."

Wakacheka, wakatoka. Hata mimi nilitaka kutoka, ila si kwa kuchoka. Nilijisikia vibaya mwilini. Yule aliyetengeneza picha ile, popote alipo, alikuwa mtu wa shimo au alizaa na mtu wa shimo. Hakuonyesha shujaa. Alionyesha mzee mmoja anagonga dari kwa mpini wa sururu, kisha anatega sikio, kisha anagonga tena. Akaonyesha farasi aliyezoea giza mpaka akitolewa nje anafumba macho. Akaonyesha mke anamkuna mumewe mgongo kwenye beseni na maji yanakuwa meusi, na mke hasemi kitu, anayatazama tu yale maji. Nilifanya hivyo miaka kumi na tisa. Sikujua kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuyatazama.

Katika picha kulikuwa na mchimbaji mmoja mwenye mguu mbovu. Wenzake wakimaliza, yeye anapanda polepole, wanamsubiri. Na wao walikuwa na gari la kukokotwa na farasi, na gari haliondoki mpaka ubao ujae. Ubao! Ubao wa mbao wenye misumari na vibati, kama wetu. Rafiki yake, mtu mwema, uso wake unaonyesha ni mtu mwema, akachukua kibati cha yule mwenye mguu mbovu, akakitundika, akapiga mluzi, gari likaondoka. Wote wanacheka. Na kesho yake vilevile. Mchezo ukawa desturi.

Wakati huo huo nje nikasikia basi letu limefika kutoka mgodini. Baadhi ya watu wa zamu wakaingia ukumbini na vumbi lao, wakakaa nyuma, wanatafuna, wanapiga domo. Sikugeuka kumtafuta Chiriku. Nilijua hayumo. Jumamosi anachelewa zaidi ya siku nyingine, maana Jumapili pampu haina mtu, lazima akaushe kisima kizima. Huwa anatoka saa tisa na nusu. Basi hilo kufika bila yeye lilikuwa jambo la kawaida. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelifanya liwe la kawaida.

Kwenye shuka moshi ukaanza kutoka mdomoni mwa shimo. Moto chini. Watu wanakimbia, wanawake wanakimbia, bosi anafika na kofia yake, anatazama ubao. Umejaa. Anauliza mara mbili, wanamwambia umejaa. Anasema, "Fungeni." Maana moto wa makaa ukiunyima hewa unakufa. Wakaleta matofali. Mke wa yule mwenye mguu mbovu akafika na chungu cha chakula amekifunika kitambaa, akasema mume wangu hajarudi. Wakamwonyesha ubao kwa kidole.

Hapo yule mtengenezaji alifanya kitu ambacho wengine wasingethubutu. Akanyamazisha kila kitu. Hakuna muziki, hakuna kilio, hakuna sauti ya mwiko wa mwashi. Mikono tu inapanga matofali, moja, jingine, jingine, na chungu kiko chini kando ya miguu ya mwanamke. Muda mrefu. Hata wale wa nyuma wakaacha kutafuna. Ukumbi ukawa kimya kabisa.

Kimya mno.

Sikuelewa upesi. Nilihisi tu kitu kimekosekana, kama unapoamka na kujua kuna mtu hayupo ndani. Nikatazama kioo cha taa ya Fundi Redio juu ya meza, ile taa yake ya mafuta ambayo kioo chake siku zote kinalia kidogo kwenye chuma. Kilikuwa hakilii.

Feni imezimwa.

Nilisimama mbele ya shuka. Matofali yakawa yananipita usoni, watu wakaniambia baadaye. "Mama, kaa chini," mmoja akasema. Nikasema, "Nani kazima feni?"

"Si wanabadilisha mkanda wa feni," akajibu mchimbaji mmoja kule nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo dogo. "Ilikuwa kesho, lakini fundi amewahi kufika. Msimamizi kaona ubao umejaa, kasema wafanye leo."

Nilijaribu kusema arobaini na sita. Nilichosema ni, "Chiriku yuko chini."

"Kibati chake nimekiona ubaoni kwa macho yangu."

"Namtundikia! Mimi ndiye namtundikia!"

Nakumbuka nyuso zao. Hakuna aliyenishangaa. Walijua wote, kila mmoja aliyewahi kupanda lile basi alijua. Walikuwa wamesahau tu kwamba wanajua.

Fundi Redio alikuwa tayari ana simu sikioni. Ofisini hakuna mtu, Jumamosi karani anaondoka saa sita. Simu ya mlinzi iliita mpaka ikakata. Simu ya Baba Pacha ilikuwa kwenye kabati getini, maana hairuhusiwi kukaribia shimo na simu. Sikusubiri ya nne. Nikatoka nje, jua likanipiga, nikamwona dereva wa basi amekaa kwenye ngazi ya basi lake anaosha miguu kwa maji ya kopo.

"Washa gari."

"Shangazi, shikamoo kwanza. Kuna nini?"

"Washa gari, Chiriku yuko chini na feni imezimwa."

"Mimi siwezi kuondoka bila ubao kujaa, shangazi, na leo ulijaa, nime…" Akaishia hapo. Nilimwona akifikia mwisho wa maneno yake mwenyewe. Akasimama na mguu mmoja una sabuni, akawasha.

Dakika kumi. Mtu asikwambie dakika kumi ni chache. Nilikuwa nimeshika chuma cha nyuma ya kiti chake, nimeinama, kana kwamba mimi ndiye nasukuma. Nilikuwa nafikiria hewa. Wachimbaji wanaiita hewa nzito. Haina harufu, haina rangi, inakaa chini kama maji, inajaa kutoka miguuni. Na pampu iko chini kuliko kila kitu. Mume wangu aliniambia zamani, mtu akikutwa nayo hahisi maumivu, anasikia uvivu tu, anataka kukaa apumzike kidogo. Nikawa nasema, usikae. Usikae, mwanangu. Nasema kwa sauti. Dereva hakuniuliza nasema na nani.

Tulipokaribia, feni ilikuwa kimya, na mahali pake palikuwa na sauti ya nyundo. Mafundi wako juu ya nyumba ya feni, wanagonga chuma kwa chuma. Getini mlinzi akasimama katikati ya njia na mkono juu. Dereva hakupunguza. Mlinzi akaruka.

Msimamizi tulimkuta karibu na dirisha langu, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati, Baba Pacha kando yake. Nikasema maneno yangu yote kwa pamoja. Msimamizi si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alinisikiliza. Kisha akanyoosha kidole.

"Mama, tazama ubao."

"Nautazama."

"Umejaa."

"Naujua! Mwulize huyu."

Baba Pacha alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwona, ndiyo kwanza alikuwa anakumbuka.

"Sheria ni sheria, mama," Msimamizi akasema, akaweka kikombe dirishani. "Feni ikizimwa mlango wa shimo unafungwa kufuli, haufunguliwi mpaka feni ifanye kazi nusu saa. Nikifungua bure, hewa ikatoka, nikaumiza watu kwa sababu ya…"

"Hesabu taa," nikamwambia.

"Nini?"

"Achana na vibati. Hesabu taa."

Nikaingia ndani mwenyewe. Taa mia na kumi na moja zimekaa kwenye vitundu vyake, kila moja na kijitaa chekundu cha chaji. Safu ya tano, ya sita kutoka kushoto, kitundu kitupu. Cheusi. Msimamizi alikitazama. Akasogeza kidole akakigusa ndani, kama mtu anayetafuta jino lililong'oka.

"Nani alitundika hiki kibati?" akauliza.

Baba Pacha akafungua mdomo. Nikamwahi. "Mimi," nikasema. Na ilikuwa kweli, mkono tu ndio ulikuwa wake.

Msimamizi akakimbia. Mtu mzito, sijawahi kumwona akikimbia. Ufunguo ulikuwa kwa fundi wa feni, juu kule kwenye nyundo, akawa anamwita na yule hasikii. Akapanda ngazi. Wengine wakakimbilia barakoa za hewa kwenye sanduku la uokoaji. Mimi nikaenda mlangoni.

Mlango wa shimo ni wa bati nene, mrefu kuliko mtu, umejengewa kibanda juu yake na chini ya kibanda kuna giza hata mchana. Chini kuna upenyo, vidole viwili hivi, ambapo reli ya toroli inapita. Mlinzi wa mlango alikuwa amekaa kwenye gogo, hatua ishirini tu, amegeukia kwenye jua. Nyundo zinagonga. Ningesema nini nikamlaumu? Angesikia nini?

Kwenye upenyo, juu ya reli, kulikuwa na vidole.

Vinne. Vyeusi vya makaa, kucha zimekatika, vimelala juu ya chuma kama vitu vilivyosahauliwa. Nilijua ni vya nani kabla sijafika. Nikapiga magoti, nikavishika. Vilikuwa vya baridi, na sitasema nilichofikiria wakati ule. Nikaweka shavu chini kwenye kokoto nikaita jina lake lile la cheti, si Chiriku, jina ambalo sijamwita tangu abatizwe hilo la utani.

Hakujibu. Mtoto ambaye hajawahi kunyamaza.

Kisha kidole kimoja kikakunjika.

Walipofungua mlango aliangukia nje pamoja nao, maana alikuwa ameuegemea. Taa yake ya kichwani bado inawaka. Midomo yake ilikuwa imeelekezwa kwenye upenyo, na hiyo ndiyo ilimwokoa, alikuwa ananyonya hewa ya nje kama mtoto wa kondoo. Kwenye bati, upande wa ndani, kulikuwa na alama alipogonga na taa, nyingi juu, kisha chache katikati, kisha mbili chini kabisa. Nenda ukazitazame kama huniamini, hazijapakwa rangi.

Alikaa hospitali siku tatu. Siku ya kwanza alitapika tu. Siku ya pili akaniambia ilivyokuwa. Alikuwa ameinama kwenye chujio, akasikia upepo umeacha kumgusa shingoni. Upepo wa feni ambao upo siku zote. Akadhani ni yeye tu. Akamaliza kufunga skrubu mbili. "Skrubu mbili, mama," akasema, "ningezifunga zote sita nisingefika." Alipanda, miguu ikawa kama ya pamba, akakaa mara moja kwenye ngazi, akasikia raha, raha kabisa, akajua raha hiyo si yake, akainuka. Alipofika mlangoni akasukuma. Alifikiri umekwama.

"Nilikuwa najua wewe ndiye utajua," akasema. "Ila nilikumbuka ni Jumamosi."

Kisha akafumba macho akatabasamu kidogo. "Mama na wewe, ulinitoa kabla sijatoka." Nikatoka nje ya wodi nikalia kwenye mfereji wa maji.

Mimi niliondolewa dirishani. Sasa naosha mabuti, na sina kinyongo. Baba Pacha alibaki, na kila mtu akitoka, yeye anamdai taa na kibati kwa mkono wake mwenyewe, hata uwe nani. Msimamizi aliitisha mkutano, akauliza nani mwingine amewahi kumtundikia mwenzake. Mkono mmoja ukanyooka. Kisha mwingine. Ilipofika mikono thelathini na kitu akaacha kuhesabu, akakaa chini. Huyu alikuwa na mgonjwa nyumbani, yule alisahau sururu akarudi, mwingine alikuwa anajisaidia. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ndiyo maana naogopa.

Basi sasa linasubiri. Watu wananung'unika, hawajaacha. "Mama Ubao katuponza," wanasema nikipita. Sawa. Niiteni hivyo mpaka nife.

Maana Chiriku alirudi. Mwezi wa pili baada ya hapo alirudi kwenye pampu, nilimpigia magoti, akasema kama si yeye ni mtoto wa mwingine, na maji hayasubiri. Kila siku saa nane msumari wa arobaini na sita unabaki mtupu, mia na kumi na moja imejaa na huo mmoja unanitazama. Sijazoea. Sitaki kuzoea.

Ile picha nilimwomba Fundi Redio airudie. Wengi hawakuja, wanasema ni ya huzuni, haina ngumi. Tulikuwa tisa, Chiriku kando yangu, kwa mara ya kwanza hapigi domo. Nikaona mwisho wake ambao sikuuona siku ile. Moto umekufa, ukuta umebomolewa, mwili umetolewa. Mwanamke anakwenda kwenye ubao, anakitoa kibati cha mumewe, anakifunga kwenye kile kitambaa cha chungu, anaondoka nacho. Gari la farasi lipo. Watu wamepanda wamekaa. Dereva anatazama ubao, kuna msumari mtupu. Farasi anabadilisha mguu. Hakuna anayemwambia dereva aondoke. Inaishia hapo.

Lakini kabla ya hapo, ilipofika sehemu ya matofali, sauti ilipokatika, niliona wote tisa tumeinua vichwa, na Fundi Redio kando ya mashine yake, hakuna aliyekuwa anaangalia shuka. Chiriku alinishika mkono kwa kucha zake fupi. Kwenye meza kioo cha taa kilikuwa kinalia, kidogo, kidogo.

Tukakisikiliza mpaka sauti ya picha ikarudi.